Usitupe triko kuukuu: namna ya kupota uzi nyumbani



Tulipoandika juu ya kofia za watoto wachanga, swali lililorudi kwetu lilikuwa moja: uzi utoke wapi? Donge la uzi mpya dukani linataka franka, na nyumba nyingi leo zinahesabu kwanza franka za unga. Wengine wameuliza kama hatuwezi kusokota uzi wetu wenyewe kama wazee. Na wachache wamesema: chama kiombe msaada, tufundishwe kusokota, tuuze, tulishe watoto. Maswali yote matatu tutayajibu leo, na la tatu tutalijibu bila kuzunguka.

Tuanze na wazee. Walisokota, ndiyo, lakini hawakusokota nguo. Kabla ya vitambaa vya dukani, watu wa milima hii, huku kwetu na ng'ambo kwa ndugu zetu Bakonzo wa Uganda, walivaa magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakalainika, na ngozi za wanyama. Gome la mti halihitaji uzi. Hata nguo za Bakuba wa Kasai, ambazo majumba ya makumbusho ya Ulaya yanazitunza ndani ya vioo, hazikusokotwa: nyuzi za jani la rafia hupasuliwa kwa mkono na kufumwa hivyohivyo. Kwa hiyo usishangae kwamba koko wako hana gurudumu la kusokotea. Pwani ndiko walikosokota pamba tangu zamani sana. Kule Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vipande vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Vilikuwa uzito wa vijiti vya kusokotea. Na huko Ethiopia wako wamama wanaosokota pamba kwa mkono mpaka leo, kwa ajili ya zile shuka zao nyeupe.

Kitu ambacho wazee wetu walisokota ni kamba. Kamba ya kufungia kuni, kamba ya mbuzi, kamba ya kukaza nyasi za paa, na ile inayoshika mzigo mgongoni wakati mkanda umepita kwenye paji la uso. Na mama anayejua kupota kamba ya mgomba ameshajua nusu ya kazi ya uzi. Msokoto ni uleule, unene tu ndio umebadilika.

Tueleze msokoto wenyewe, maana wasichana wetu wanaufanya kwenye nywele kila Jumamosi bila kujua kwamba ni kitu kimoja. Chukua uzi mmoja, uzungushe kwa vidole upande wa kulia, kisha uachie. Unajifungua. Sasa chukua nyuzi mbili, zizungushe kila mmoja peke yake upande wa kulia, halafu ziweke pamoja na uzizungushe upande wa kushoto. Achia. Hazifunguki. Kila uzi unataka kujifungua, na katika kujaribu kujifungua unamkaza mwenzake. Katika ukurasa huu tutasema kusokota kwa ile kazi ya uzi mmoja mmoja, na kupota kwa ile ya kuunganisha nyuzi mbili au tatu.

Koko hufanya yote mawili juu ya paja, kwa kiganja kimoja. Anaweka nyuzi mbili za mgomba zilizoloweshwa kidogo, zikiwa mbalimbali, anazisukuma kuelekea goti: zimesokotwa. Anazikutanisha na kurudisha kiganja kuelekea kiunoni: zimepotwa. Uzi ukikaribia kwisha anaweka mwingine juu yake, wapishane urefu wa kiganja, na anaangalia kwamba viungio vya nyuzi mbili havikutani mahali pamoja, kwa sababu hapo ndipo kamba ingekatika. Mtazame mara tatu, utaiona. Ukimwuliza akuelezee kwa maneno atakuambia hajui.

Sasa uzi wa triko. Uzi upo sokoni, umeshasokotwa, umeshatiwa rangi, na umefungwa ndani ya balo. Ni zile triko kuukuu za mitumba ambazo hakuna anayezitaka: kiwiko kimetoboka, shingo imelegea, au kwapa lina alama isiyotoka. Mwuzaji huziweka chini ya lundo na mwisho wa siku huziachia kwa bei ndogo. Hizo ndizo tunazozitafuta. Lakini si kila triko inafumuka, na mama anayenunua bila kutazama anarudi nyumbani na kitambaa cha kupangusia meza.

Geuza triko ndani nje, utazame mshono wa ubavuni. Kama kingo za kitambaa zimekatwa kwa makasi na kuzungushiwa uzi mwingi na mashine, iache. Kila mstari umekatwa pande zote mbili, na ukifumua utapata vipande vya urefu wa mkono, mamia kwa mamia. Kama ukingo ni mzima, wenye vitanzi vilivyopangana kama mnyororo, na mshono ni uzi mmoja tu uliopita katikati, hiyo inafumuka kutoka juu mpaka chini kwa uzi mmoja mrefu. Kisha vuta kitambaa kwa vidole viwili. Ukiona vitanzi vimeshikana kama blanketi, ni sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto. Haitafumuka tena hata ukiomba.

Jambo la tatu ni la moto, na hapa tunaomba msisome mbiombio. Ukishanunua, kata uzi kidogo wa urefu wa kidole, ushike kwa kibano au kijiti, mbali na uso na mbali na watoto, uuchome. Sufu ya kondoo huwaka kwa shida, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika ukiyagusa. Uzi wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli huyeyuka, hudondoka, na ukipoa huacha shanga ngumu nyeusi. Uzi mpya mwingi wa rangi kali tunaouziwa madukani ni huo wa kuyeyuka. Si mbaya, hauwashi ngozi na unafulika kwa urahisi. Lakini nyumba zetu zina babula chini, na mtoto anayejifunza kutembea huanguka upande wowote. Uzi unaoyeyuka hushika kwenye ngozi pamoja na moto wake. Kama una triko mbili, ya sufu na ya kuyeyuka, ya sufu mpe yule anayetambaa, na ya pili mpe mkubwa wake. Hilo tungelisema hata kama hakuna lingine la kusema katika ukurasa huu.

Kufumua ni kazi ya watu wawili, na watoto huipenda. Kwanza toa mishono, tenganisha mikono, mgongo na kifua. Kila kipande hufumuka kuanzia pale mfumaji alipomalizia, na kwa kawaida ni juu, mabegani. Ukianza chini utapigana na vitanzi mpaka usiku. Mmoja anavuta, mwingine anazungushia kwenye mgongo wa kiti. Uzi ukijaa, ufunge kwa nyuzi fupi mahali pane ili usichanganyikane, uutoe, uuloweshe katika maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Usisugue, usikamue kwa nguvu. Kandamiza tu ndani ya kitambaa kikavu. Kisha utundike kivulini, na chini yake ufunge chupa yenye maji kidogo ili uzito unyooshe yale mawimbi. Kesho yake uzi umenyooka.

Hapo ndipo kupota kunapoingia. Triko nyingi za balo zimefumwa na mashine kwa uzi mwembamba kuliko sindano zetu za mkono. Ukiufuma peke yake unapata kitambaa cha kuonyesha mwili. Nyuzi mbili au tatu zikipotwa pamoja zinakuwa uzi wa kawaida wa triko, wenye nguvu, na unaoshika joto kwa sababu hewa hukaa kati yao. Unaweza pia kuchanganya rangi: kijivu ambacho hakuna aliyekitaka na chekundu kilichobaki kidogo. Uzi wa madoadoa unaotoka hapo haupatikani katika duka lolote la Butembo.

Upote upande gani? Utazame uzi wenyewe, kwenye mwanga. Mistari ya msokoto wake inalala kama kati ya herufi S au kama kati ya herufi Z. Upande wowote ilikolala, wewe pota upande wa pili. Nyuzi nyingi za kiwandani zina nyuzi mbili ndani zilizopotwa kwa S, kwa hiyo sisi mara nyingi tunapota kwa Z, yaani kijiti kinazunguka kama mishale ya saa. Ukiongeza msokoto upande uleule, uzi unajikunja kama mkia wa nguruwe, na triko utakayofuma itainama upande mmoja hata ufanye nini. Usipote sana pia, maana kupota kwa upande wa pili kunalegeza msokoto wa ndani. Ukimaliza kipande, kiachie kining'inie katikati kama bembea. Kikitulia, kimetosha. Kikijizungusha chenyewe mara nyingi, umezidisha, rudisha kidogo.

Chombo ni kijiti. Kinyooke, kiwe na urefu wa sentimita 30 hivi, unene wa penseli, na juu yake msumari mdogo uliokunjwa kama ndoano. Chini kinahitaji uzito wa mviringo: kibao kilichotobolewa, au kipande cha chungu kama wale wa Kilwa. Anayetaka kujaribu leo hii kabla ya kumwita seremala achome kijiti katikati ya kiazi cha kizungu, kilicho duara na kisicho kikubwa. Wenzetu wa Lubero watacheka, lakini kinafanya kazi kwa siku mbili tatu, na baadaye kinaingia kwenye sufuria. Funga nyuzi zako mbili kwenye kijiti, zipitishe kwenye ndoano, zungusha, uache kining'inie. Madonge mawili yanayofunguka yaweke kila moja ndani ya bakuli lake, la sivyo yatakimbizana chini ya kitanda na paka atajiunga nayo.

Wamama wa Beni watasema: sisi huku chini kuna joto, triko ya nini? Ni kweli. Butembo iko juu ya mita 1,700, na asubuhi ya mvua huwezi kujua kwamba ikweta iko karibu hivyo. Beni iko chini zaidi. Ninyi mna sababu zaidi ya kushika pamba. Inalimwa tambarare za Kasese, ng'ambo ya Kasindi, na anayefanya biashara Mpondwe anaweza kuulizia kidogo. Mjue tu kwamba kilo moja ya pamba yenye mbegu hutoa kama gramu 350 za nyuzi safi, na mbegu zinatolewa moja moja kwa vidole. Nyuzi zake ni fupi, kwa hiyo kijiti kiwe chepesi sana, kisimame ndani ya bakuli badala ya kuning'inia. Uzi wa pamba uliopotwa ni mzuri kwa vitambaa vya kroshe vya kuweka juu ya viti. Na ile sufi ya mito, inayotoka kwenye msufi, msihangaike nayo: ni laini na ya kuteleza, nyuzi zake hazishikani.

Tufike kwenye fedha. Tumesikia mapendekezo ya kuandika mradi wa kusokota, na tunajua yanatoka kwa moyo mzuri. Tangu mauaji yalipoanza kuzunguka Beni mwaka 2014, na tena vita vilipoingia kusini mwa Lubero mwaka 2024, nyumba nyingi za mijini zimepokea watu waliokuja na mikono mitupu, na kila mmoja wetu anatafuta kitu cha kuweka ndani ya mikono hiyo. Lakini fanyeni hesabu pamoja nasi.

Triko ndogo ya mtoto mchanga inataka karibu mita 200 za uzi uliopotwa. Ili kuzipata unasokota zaidi ya mita 400 za uzi mmoja mmoja. Mkono uliozoea, kwa kijiti, husokota mita 50 kwa saa, au zaidi kidogo. Hizo ni saa nane. Kupota, saa mbili nyingine. Kufuma, tuseme kumi. Ni saa ishirini, bila kuhesabu kusafisha pamba, na sokoni triko ya mtoto ya mitumba iko pale, safi, kwa bei ambayo haiwezi kulipa hata saa tatu za mama anayelima shamba la mwingine. Nani atanunua ya kwetu?

Mtatuambia kwamba Nanyuki, kule Kenya, wako wamama wanaosokota sufu kwa mkono tangu miaka ya 1970 na wanaishi kwa kazi hiyo. Ni kweli wako, na kazi yao ni nzuri. Lakini wao wana kondoo wa sufu katika mashamba ya jirani, wana watalii wanaopanda Mlima Kenya, na wana barabara ambayo mgeni anapita bila kuogopa. Kondoo wetu ana nywele fupi, hanyolewi, analiwa. Na wageni wanaokuja kwetu siku hizi hawaji kununua mazulia. Mama aliyekimbia kijiji chake ameshapewa mafunzo ya kutosha ambayo mwisho wake ni cheti na lundo la vitu visivyonunuliwa chini ya kitanda. Tusimwambie kwamba kijiti hiki kitalipa kodi ya nyumba. Hakitalipa. Akitaka kazi ya fedha, chama kina vikundi vya sabuni na vya mboga, na huko tunaweza kuonyesha hesabu iliyoandikwa.

Tunalotaka ni dogo kuliko mradi. Kikundi cha mtaa kinunue triko moja ya kufumuka, moja tu, kiifumue pamoja baada ya kikao, kila mama aende na sehemu yake ya kupota nyumbani. Saa za kupota hazitafutwi, zipo tayari: kungoja maharage yaive, kungoja umeme, kungoja mgonjwa alale. Kazi hii inaachwa na kushikwa tena bila kuharibika, na hakuna anayemdai mtu kwamba amechelewa.

Na kuna wakoko. Katika nyumba zilizopokea wageni, mara nyingi mzee ndiye anayekaa kwenye kona bila kazi, anaogopa kuomba hata maji kwa sababu anajiona mzigo. Kijijini alikuwa na mgomba wake, alikuwa na kamba za kutengeneza. Mletee magamba ya mgomba yaliyokauka, umwambie watoto wa nyumba hawajui kupota kamba. Usimwambie ni kwa ajili ya kumchangamsha, atakujua mara moja. Mwambie kweli: hawajui, na wewe hujui vizuri. Wengine watakataa. Yuko mmoja katika vikundi vyetu aliyesema kamba inamkumbusha mbuzi wake wote, na hataki kuishika. Basi, tulimwachia, tukampa donge la uzi wa kushika wakati wengine wanafumua, na hilo alilikubali.

Kwa watakaoanza wiki hii, fumeni kofia, msianze na triko. Kichwa cha mtoto mchanga kina mzunguko wa sentimita 34 au 35. Fuma kofia ya sentimita 30, itavutika na kushika bila kuanguka machoni. Inakula uzi wa gramu 25 hadi 30, kwa hiyo triko moja ya mtu mzima yenye gramu 300, ukiondoa vipande vilivyochakaa, inatoa kofia nane au tisa. Msiweke kifungo wala shanga, wala kamba ya kufunga chini ya kidevu. Zifueni kabla ya kuzileta. Za sufu kwa maji ya vuguvugu tu. Mwenye kikundi atazikusanya kwa ajili ya wamama wanaojifungua, na ataandika kwenye kila moja kama ni ya sufu au ya kuyeyuka.

Wiki ijayo tutaandika juu ya soksi. Mwenye njia yake ya kugeuza kisigino atuletee kabla ya Alhamisi, pamoja na soksi yenyewe.